Cinderella, Jack au Aladdin: uwapeleke watoto panto ipi Krismasi hii?

Novemba ikiingia tu, kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Uingereza huzuka swali lile lile: "Jamani, watoto niwapeleke panto gani?" Majibu humiminika, kila mtu akiisifia aliyoiona yeye mwaka jana. Sasa anayejibu ana vijana wa miaka 10 na 12. Aliyeuliza ana kitindamimba wa miaka 3, na mama mkwe aliyeshuka Heathrow juzi kutoka Tanga. Ushauri ni mzuri, ila si wake.

Mimi huu ni mwaka wa nane nakaa kwenye viti vile, kumbi kubwa na kumbi za parokia, na nimeshawahi kutoka mbio katikati ya onyesho nimembeba mtoto anayepiga mayowe. Kwa hiyo hapa sitoi kombe. Nitazichukua hadithi tatu zinazochezwa sana, yaani Cinderella, Jack na mharagwe wake, na Aladdin, nizipime kwa mizani moja. Wewe utazame unakaa na nani nyumbani.

Kwa aliyefika karibuni: panto ni mchezo wa jukwaani wa msimu wa Krismasi, kuanzia mwisho wa Novemba hadi Januari. Huchukua hadithi ya zamani ambayo kila mtoto wa huku anaijua, huijaza nyimbo za redioni, vichekesho, nguo za kumetameta na mwanamume mzima aliyevaa gauni, kisha huwadai watazamaji kelele. Hudumu kwa muda wa saa mbili hadi mbili na nusu pamoja na mapumziko. Hakuna hori wala mamajusi. Si ibada, ndiyo maana utazikuta familia za Kiislamu zimekaa mle na hijabu zao, watoto wao wakizomea kuliko wote. Na Mswahili hahitaji kufundishwa kuitikia. Bibi akisema "Paukwa!", nani alikuwa anakaa kimya?

Nitakavyopima

Kwanza, je, mtu asiyejua Kiingereza sawasawa ataifuata hadithi? Pili, mtoto mdogo atatishika kiasi gani? Tatu, watazamaji wamepewa kazi gani? Nne, macho yatashiba? Tano, wakubwa watacheka nini, na watoto watakuuliza nini ndani ya gari mkirudi? Mwisho ni ukumbi wenyewe na mfuko wako, jambo ambalo watu hulisahau, kumbe mara nyingine ndilo linaloamua.

Zimeachwa nyingi. Snow White ya ndugu Grimm, iliyochapishwa mwaka 1812, inachezwa sana pia, lakini hiyo ina mjadala wake mrefu kuhusu wale vibeti saba: wachezwe na waigizaji wenye kimo kifupi, na watoto, au na vikaragosi? Kila ukumbi una jibu lake, na mjadala huo unahitaji makala yake. Dick Whittington nayo imetokana na mtu wa kweli, meya wa London aliyefariki mwaka 1423, ingawa paka wake ni wa kutungwa.

Hadithi bila Kiingereza kingi

Cinderella ndiyo nyepesi kuliko zote. Mama wa kambo si mama. Ukishamwambia hivyo mgeni wako, nusu ya kazi umeimaliza. Boga linalogeuka gari, kiatu cha kioo, kengele ya saa sita usiku: vyote vimo kwenye maandishi ya Mfaransa Charles Perrault ya mwaka 1697, na vyote ni vya kutazama, havimsubiri mkalimani. Wa kumdokezea mgeni ni watu wawili tu ambao jukwaa liliwaongeza baadaye. Mmoja ni Buttons, kijana mtumishi anayempenda Cinderella na asimpate. Huyo alizaliwa London mwaka 1860 kwenye mchezo wa H. J. Byron, mtunzi wa michezo ya jukwaani. Mwingine ni Dandini, mhudumu wa mwana wa mfalme, aliyeingia kutoka kwenye opera ya Mwitaliano Rossini ya mwaka 1817. Mwana wa mfalme na Dandini hubadilishana nguo, na hapo asiyefuata maneno hupotea kabisa, akadhani binti kaangukia kwa mtumishi.

Jack naye ni mtoto wa mjane masikini. Anatumwa kuuza ng'ombe, anarudi na konzi ya maharagwe, mama anayatupa dirishani, mharagwe unamea hadi mawinguni, na huko juu kuna zimwi. Hii ni ngano ya Waingereza wenyewe. Ilitoka kitabuni mwaka 1807, na ile wanayoisoma wengi leo ni ya Joseph Jacobs ya mwaka 1890. Zimwi la Jack hunusa damu ya Mwingereza na kulitangaza hilo kwa ubeti. La kwetu husema "nasikia harufu ya mtu". Mama mkwe atalitambua kabla hujamtafsiria. Waandishi wa panto wameliongezea zimwi mnyapara, mara nyingi akiitwa Fleshcreep, ambaye hushuka kijijini kudai kodi. Mtu anayedai kodi haeleweki vibaya katika lugha yoyote.

Aladdin ina kitendawili chake. Wengi wetu tunamjua Aladini na taa yake tangu utotoni kutoka Alfu Lela Ulela, kwa hiyo tunadhani hii ndiyo itakayokuwa rahisi. Lakini kisa kina mikono mingi: mjomba wa uongo, pango, pete yenye jini wake, taa yenye jini mwingine, kasri linaloota usiku mmoja na kuhamishwa usiku mwingine, na ile hila ya kubadilisha taa mpya kwa za zamani. Panto huongeza juu yake mzigo wa utani wa maneno, kuliko zile mbili nyingine. Halafu yule mama yake Aladini, ambaye kwenye kisa ni mjane wa fundi cherehani, jukwaani ni Widow Twankey, mwanamume mwenye kibanda cha kufulia nguo, na jina lake ni la aina ya majani ya chai ya Kichina; huyo naye ni mtoto wa Byron yule yule, wa mwaka 1861. Mzee aliyekisoma kisa atapata tabu kumtambua.

Na hapa nipenyeze jambo linalonifurahisha. Kisa cha Aladini hakimo kwenye miswada ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela. Mfaransa Antoine Galland, aliyekuwa akiifasiri Alfu Lela, alisimuliwa na kijana Msiria wa Aleppo, Hanna Diyab, mjini Paris mwaka 1709. Kwa hiyo Mwarabu alimsimulia Mfaransa kisa kinachotokea China, Mwingereza akakigeuza kichekesho cha Krismasi. Ukiambiwa kwamba panto "imeharibu asili", uliza asili ipi.

Hofu

Jack ndiye mwenye hatari, na tatizo lote ni zimwi. Kwenye kumbi ndogo zimwi ni sauti tu kutoka kwenye spika na mguu mmoja mkubwa unaotokeza pembeni. Kwenye kumbi kubwa ni dude lenye urefu wa ghorofa, linazungusha macho, taa zimezimwa na moshi unatambaa sakafuni. Mayowe niliyoyataja mwanzo yalitoka hapo: mtoto wangu alikuwa na miaka 3, tukaisikiliza nusu ya pili yote kupitia mlangoni, tukiwa na muuza aiskrimu. Miaka miwili baadaye zimwi la namna ile ile lilimfanya acheke. Kati ya miaka 3 na 5 mtoto huvuka mto mpana sana.

Aladdin hutisha kwa kushtua. Mchawi wake, Abanazar, mara nyingi huingia na mlipuko mdogo wa baruti, na jini naye vivyo hivyo. Pango lina giza, lakini halidumu. Mtoto asiyependa milio ya ghafla atateseka hapa kuliko kwenye Jack, ambako kishindo hukisikia kikija kwa mbali.

Cinderella haina dude wala giza, na kwa sababu hiyo watu huiona salama. Ina uchungu lakini. Kuna pale dada wa kambo wanapoichanachana kadi ya mwaliko mbele ya mdogo wao. Mtoto wa dada yangu, miaka 6, asiyeogopa nyoka wala giza, alilia kuanzia pale hadi mapumziko. Baadaye ndipo tulipojua kwamba shuleni kulikuwa na wasichana waliomtenga. Simaanishi umnyime mtoto kuona huzuni. Nasema ujue imekaa wapi.

Dawa kwa zote tatu ni kumsimulia mtoto mwisho kabla hamjatoka nyumbani. Panto haiharibiki kwa kujulikana mwisho. Zote zinaishia harusini.

Kelele

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo tofauti zinapokuwa ndogo, kwa sababu kanuni ni moja. Mbaya akiingia, unamzomea. Kwa mazoea huingia upande wa kulia kwako uliyekaa, mara nyingi na taa ya kijani. Mwema huingia kushoto. Mfundishe mtoto hilo na atakuwa wa kwanza kuzomea safu nzima. Mtu jukwaani akisema "hayupo", ukumbi unajibu "yupo!", naye anakana, nanyi mnashikilia, mpaka koo zikauke. Kuna mandhari ya benchi, watu watatu wamekaa wanaimba, mzuka unawanyemelea kwa nyuma, na watoto 1,000 wanawapigia kelele kwamba yuko nyuma yao. Karibu na mwisho hushushwa kitambaa chenye maneno ya wimbo, ukumbi unagawanywa pande mbili kushindana, na kwenye kumbi nyingi watoto kadhaa huitwa jukwaani. Siri ya pale ni kwamba waigizaji wengine wako nyuma wanavaa nguo za harusi. Wimbo unawanunulia muda.

Hiyo ni kanuni ya wote. Kwenye Cinderella, anayewaongoza watoto ni Buttons. Huwafundisha salamu mwanzoni, na kila akiingia wanamwitikia. Kwa kuwa yeye mwenyewe ni mnyonge wa mapenzi, watoto humshika mkono kama ndugu yao, na kelele zao zinakuwa za kumtetea. Ni kelele zenye moyo. Kwenye Jack kelele ni za vita: kijiji kizima dhidi ya mnyapara. Na kuna ng'ombe. Watu wawili ndani ya ngozi moja, wa mbele anapepesa kope, wa nyuma hajui anaelekea wapi. Sijaona mtoto wa umri wowote ambaye ng'ombe huyo hajampata, na pale anapouzwa ukumbi hulia kwa kucheka na kusikitika kwa pamoja. Kwenye Aladdin kelele nyingi humwendea Abanazar, ambaye akiwa mwigizaji mzuri ni mbaya mtamu kuliko wote wa panto, na mama Twankey anayetafuta mchumba miongoni mwa akina baba wa safu ya mbele. Baba mwenye haya asikae safu ya mbele. Atachaguliwa, ataitwa jina kwa saa mbili, na watoto wake hawatamsahaulia.

Macho

Cinderella ina dakika moja ambayo zile mbili hazina: matambara yanageuka gauni mbele ya macho yako, gari linatokea, na kwenye maonyesho yenye fedha linakokotwa na farasi wadogo wa kweli. Huo ndio mwisho wa nusu ya kwanza. Jack hufunga nusu ya kwanza kwa mharagwe unaopanda hadi darini, na ukumbi wenye mafundi wazuri utaifanya hiyo ipendeze kweli. Ukumbi masikini utavuta kamba ya kijani. Aladdin ina pango la vito na, wakikubali kutumia fedha, zulia linaloruka juu ya vichwa vya watu. Kwa hiyo Aladdin na Cinderella hutegemea sana mfuko wa mwenye ukumbi. Jack inaweza kufanywa na watu wenye ngozi ya ng'ombe na nia njema.

Kicheko cha wakubwa na maswali ya watoto

Mgeni wako mtayarishe mapema kuhusu mavazi. Yule mama mchekeshaji, ambaye wenyewe humwita Dame, ni mwanamume. Ni desturi ya zamani; Dan Leno, mchekeshaji aliyefariki mwaka 1904, ndiye aliyeifikisha kileleni pale kwenye ukumbi wa Drury Lane, London. Na shujaa kijana, kwa desturi ya zamani pia, huchezwa na msichana, ingawa siku hizi kumbi nyingi humpa mvulana. Mimi humwambia mgeni hivi: mwenye gauni ni mwanamume, mwenye buti huenda ni msichana, na ng'ombe ni watu wawili. Baada ya hapo hakuna kitakachomshangaza.

Jack ina Dame mmoja, mama yake Jack. Aladdin ina Twankey. Cinderella kwa kawaida haina Dame. Ina wawili badala yake, wale dada wa kambo, wanaume wenye mawigi na vijembe. Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Dame ni mama, ana huruma nyuma ya matiti ya sponji. Dada wale ni wakorofi, wanachekesha na kuumiza kwa pumzi moja.

Kuhusu mafumbo: panto huzungumza ndimi mbili kama taarabu. Mtoto anasikia kisa cha soseji, mzazi anasikia kingine. Fumbo mfumbe mjinga. Twankey, kwa kuwa anatafuta mume, ndiye anayeelekea huko kwa urahisi zaidi. Dada wa Cinderella wanamfuatia. Jack kwa kawaida ndiyo safi kuliko zote, kwani imejaa ng'ombe na maziwa. Lakini mwandishi na mwigizaji ndio wanaoamua, si hadithi. Panto ya ukumbi mkubwa wa London Palladium, iliyorudi mwaka 2016 kwa Cinderella, inajulikana kwa mafumbo mazito ya mchekeshaji Julian Clary, na watu wazima huenda kwa ajili hiyo hasa. Ukiwa na mama mkwe anayejua Kiingereza vizuri, hilo lifikirie. Ukiwa na asiyekijua, unaweza kutafsiri unachotaka.

Maswali ya njiani ni haya. Baada ya Cinderella utaulizwa kwa nini Buttons hakupata mtu, na kwa nini baba yake Cinderella alikuwa yupo yupo tu. La kwanza nimelijibu mara tatu na bado sina jibu zuri. Baada ya Jack: "Kwani Jack si mwizi?" Swali la zamani hilo. Kitabu cha mwaka 1807 kililiona, kikamweka mwanamke wa kimuujiza anayemweleza Jack kwamba zimwi lilimuua baba yake na kupora mali. Panto hulikwepa kwa kumfanya zimwi amteke binti.

Aladdin ina maswali mawili mazito zaidi. La kwanza ni China. Kwa miaka mingi panto hii ilichezwa Peking ya mzaha, waigizaji weupe wakiwa wamechorwa macho, polisi wenye majina ya kuchekea lafudhi. Watu wenye asili ya China na wengine walilalamika, na kumbi kadhaa zimekihamishia kisa mahali pa kubuni au zimeandika upya. Nyingine hazijabadilika sana. Tazama bango na picha za waigizaji kabla ya kulipa. Bango husema mengi. La pili ni letu. Kwa mtu wa Pwani jini si mwanasesere wa bluu. Nilikaa jirani na mzee mmoja kutoka Mombasa ambaye kila jini alipotokea alisema "audhu billahi" kwa sauti ndogo, kisha akacheka, kisha akasema tena. Alifurahi. Mke wake alifumba macho mpaka jini alipoondoka. Unawajua wako.

Ukumbi, saa na mfuko

Hadithi moja katika kumbi tatu ni vitu vitatu. Kumbi kubwa za kibiashara zina nyota wa televisheni, mitambo, na bei za kutoboa mfuko. Palladium peke yake inaingiza watu zaidi ya 2,000, na ukikaa juu kabisa utaona vizuri upara wa Dame. Kisha kuna kumbi zinazotengeneza panto zao wenyewe kwa ajili ya mtaa wao. Hackney Empire, jengo la msanifu Frank Matcham la mwaka 1901, na Theatre Royal Stratford East, la mwaka 1884, ni mifano ya London ya mashariki: utani ni wa mtaa, muziki ni wa leo, na jukwaa lina watu wa rangi zote. Clive Rowe, mmoja wa Dame wanaopendwa sana nchini, ni mtu mweusi na amefanya kazi hiyo Hackney kwa miaka mingi. Mwanangu alivyomwona aligeuka akaniambia, "Mama, anafanana na shangazi." Tatu ni panto za wasio wataalamu, kwenye kumbi za kijiji na parokia, nyingine zikichezwa Januari hata Februari. Pazia hukwama, mtu husahau maneno, tiketi ni ya bei ya chakula cha kununua njiani, na mtoto wako amekaa hatua tano kutoka kwa zimwi ambalo kesho atakutana nalo posta.

Cinderella hupata hasara kubwa zaidi ikishushwa ukumbi mdogo, kwani ile dakika ya gauni na gari inataka fedha. Jack hupata faida. Aladdin iko katikati: bila zulia inaweza kuishi, bila Abanazar mzuri haiwezi.

Usinunue safu ya mbele kabisa kwa Jack au Aladdin kama hutaki kurushiwa maji. Usinunue ghorofa ya juu kwa mtoto mdogo. Majengo ya zamani yana mteremko mkali. Uliza kama kuna mto wa kumwinua mtoto kitini. Mwenye mtoto mwenye usonji atafute onyesho tulivu: taa haziwi giza tupu, sauti hupunguzwa, na kutoka na kuingia si kosa. Karibu kumbi zote kubwa zina siku moja au mbili za namna hiyo, na siku ya lugha ya alama pia. Fedha ya vijiti vya taa vinavyouzwa mlangoni itenge kabisa, maana utanunua. Pipi za kurushwa usimwahidi mtoto. Kumbi nyingi zimeacha kurusha kwa kuogopa kumuumiza mtu. Januari, shule zikishafunguliwa, mara nyingi tiketi hushuka.

Halafu saa. Watoto waliokulia huku husema saa za Kizungu kwa Kiswahili. Binti yangu alimpigia shemeji yangu, mgeni wa wiki moja, akamwambia: "Mjomba, panto ni saa moja." Tiketi ilikuwa ya saa saba mchana. Mjomba alikuja saa moja jioni, kavaa koti na tai, akakuta tumesharudi tunakula pilau.

Kwa hali yako

Mdogo wako ana miaka 3 au 4 na hajawahi kukaa ukumbini: Cinderella, onyesho la mchana, kiti cha pembeni karibu na njia. Kama Cinderella haichezwi karibu nawe, Jack ya ukumbi wa kijiji itakufaa kuliko Jack ya ukumbi mkubwa. Umri huo huo, ila mtoto anaumia moyo haraka au ametoka kuonewa shuleni, geuza: mpe ng'ombe.

Una watoto wa miaka 7 hadi 11 waliojaa nguvu na wanaotaka kupiga kelele: Jack katika ukumbi wowote, au Aladdin yenye Abanazar anayesifiwa. Wenye kati ya miaka 12 na 15, ambao watakuambia panto ni ya watoto, wapeleke kwenye zile zinazochezwa na waigizaji wanaopiga ala wenyewe, rock and roll panto kama wanavyoziita. City Varieties ya Leeds na New Wolsey ya Ipswich zinajulikana kwa hizo. Hapo hadithi haina maana kubwa, gitaa ndilo linalowavuta.

Mgeni kutoka nyumbani, Kiingereza kidogo: Cinderella kama anapenda mavazi na harusi, Jack kama alikulia kwenye hadithi za zimwi. Aladdin mpeleke yule anayekijua kisa na ambaye hataudhiwa na jini wala na kufuliwa nguo na mwanamume.

Mnakwenda watu wazima watupu, wauguzi wa zamu moja labda, mnataka kucheka mpaka mbavu ziume: Aladdin au Cinderella, ukumbi mkubwa, onyesho la usiku, na msome maelezo ya umri kabla. Bajeti ni ndogo na familia ni kubwa: subirini Januari, au tazameni ubao wa matangazo wa maktaba ya mtaa, panto za parokia hutangazwa pale.

Na mliokwisha kuziona zote tatu, mkachoka na nyota wa televisheni, nendeni kijiji chochote kinachocheza Jack. Miguu ya mbele ya ng'ombe itakuwa ni mwalimu wa hesabu, na ya nyuma ni mwenye bucha.